Mchoro wa kale wa samaki: pambo au ushahidi?

Nenda Soko la Majengo hapa Dodoma, samaki wa bwawa la Mtera wakishashushwa, umtazame perege kwenye beseni. Jicho limeingia ukungu, ubavu umepauka. Aliyemtoa majini alimwona wa rangi nyingine kabisa. Tatizo hilo ndilo lililozaa mchoro wa kisayansi wa samaki: picha inayomwezesha mtu ambaye hajawahi kumwona samaki fulani amtambue na asimchanganye na wenzake.

Basi si picha ya kupendeza tu, ingawa siku hizi utaikuta kwenye fremu ukutani mgahawani. Mchoraji alihesabu magamba ya ubavuni na miiba ya pezi la mgongo, kisha akalichora pezi limesimama lote, wakati samaki mfu hulilaza. Pezi likiwa limechanika, aliazima la samaki mwingine. Kwa hiyo yule wa kwenye karatasi mara nyingi ni kamili kuliko samaki yeyote aliyewahi kuogelea.

Marcus Elieser Bloch, daktari wa Berlin, alianza kuchapisha michoro yake mwaka 1782, ikafika 432. Ilichongwa kwenye bamba la shaba, ikapigwa chapa, halafu kila nakala ikapakwa rangi kwa mkono, nyingine zikatiwa hata fedha ili magamba yang'ae. Ndiyo maana nakala mbili za kitabu kimoja huenda zisifanane rangi. Baadaye ikaja lithografia: unachora kwa kalamu ya mafuta juu ya jiwe la chokaa, unalilowesha, na wino unashika penye mafuta tu.

Mimi huiamini hesabu ya miiba kuliko rangi. Samaki wengi walisafirishwa ndani ya pombe kali, na pombe hutunza umbo lakini hula rangi. Playfair, balozi wa Uingereza Zanzibar, na Günther, mtaalamu wa samaki, walipotoa kitabu chao cha samaki wa Zanzibar mwaka 1866, Günther alikuwa London, mbali sana na wavuvi wa Unguja.

Na wale samaki wa michoro ya kale ambao leo tunaambiwa wako hatarini kutoweka? Wachoraji hawakuwafuata samaki adimu. Uadimu umekuja nyuma ya mchoro. Mkunga wa Ulaya, ambaye Bloch alimchora, alikuwa kitoweo cha kawaida. Leo IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi wa viumbe, imemweka daraja la mwisho kabla ya kutoweka porini.

Kwetu kuna ngege, aina ya perege. Kwao ni Ziwa Victoria, lakini alipandikizwa pia katika maziwa ya Singida, na kwa Kiingereza huitwa tilapia wa Singida. Michael Graham, mtaalamu wa uvuvi kutoka Uingereza, alimpa jina la kisayansi mwaka 1928: esculenta, yaani anayelika. Na kweli aliliwa. Nyavu za makila, zinazomnasa samaki kwenye mashavu, zilikuwa zimeingia ziwani tangu 1905, na Graham mwenyewe alikuja kuchunguza kwa nini samaki wanapungua. Miaka ya 1950 wakaletwa sangara na sato, ambaye naye ni aina ya perege.

Sato huzaana na ngege, na hapo mchoro wa zamani unapata kazi. Ukivua perege Singida ukashuku amechanganyika, anzia mkiani: sato ana michirizi iliyosimama, imejipanga mkia mzima. Kisha umlinganishe na ngege aliyechorwa au kuhifadhiwa kabla sato hajafika.