Wakenya walio Kanada hawatupi timu ya taifa ya hoki ya barafu

Kila Kenya inapotajwa kwenye habari za hoki ya barafu, lazima mtu aniandikie: "Kocha, si muwaite tu vijana wetu walioko Kanada na Uswidi? Miaka miwili mtakuwa mmeshapanda." Wiki hii nimeulizwa tena, na aliyeuliza ni mtu anayeujua mchezo. Kwa hiyo naandika.

Kenya iliingia IIHF, shirikisho la dunia, Septemba 2024 kama mwanachama mshiriki. Uanachama huo pekee haukupeleki mashindano ya dunia. Ngazi zenyewe ni hizi: juu kabisa timu 16, kisha Divisheni ya Kwanza, ya Pili na ya Tatu, kila moja ikiwa na kundi A na B, kisha ya Nne. Kundi la kawaida ni timu sita zinazokutana mji mmoja na kumaliza mechi tano kwa takribani wiki moja. Wa kwanza anapanda, wa mwisho anashuka. Na tafadhali, hoja kwamba nchi za joto haziwezi hoki ya barafu tuiache. Falme za Kiarabu zilicheza Divisheni ya Pili A mwaka 2025, na kule jua si haba.

Sasa hao vijana wa ng'ambo. Pasipoti ni mlango wa kwanza tu. Mchezaji mwenye uraia zaidi ya mmoja ambaye hajawahi kuchezea taifa lolote, akitaka kuchezea nchi ambayo hakukulia kimchezo, lazima kwanza acheze mashindano ya ndani ya nchi hiyo misimu miwili mfululizo, si chini ya siku 480. Muda wote huo hatakiwi kuhamia kwingine wala kucheza chini ya chama cha nchi nyingine. Kama aliwahi kuchezea taifa jingine kwenye mashindano ya IIHF, lazima acheze mashindano ya ndani ya nchi hiyo mpya miaka minne mfululizo. Na hesabu huanza baada ya kutimiza miaka 10. Mtoto aliyeteleza Nairobi akiwa na miaka saba, akahamia Toronto akiwa na tisa, hana hata siku moja ya kuhesabiwa hapa nyumbani. Kuja likizo ya Desemba na kucheza mechi tatu nako hakuhesabiwi.

Watu husikia haya wakadhani ni karatasi za ofisini ambazo zinaweza kupitishwa kwa kujuana. Hazipiti. Mwaka 2019 kule Abu Dhabi, kwenye mchujo wa Divisheni ya Tatu, Kyrgyzstan ilishinda barafuni, ikagundulika imechezesha watu wasiostahili, na mechi zake zikaandikwa kushindwa 5-0. Fikiria wachezaji waliostahili, walioomba ruhusa kazini na kusafiri mpaka huko, wakirudi nyumbani mikono mitupu kwa kosa la kwenye fomu. Mimi sitakubali kijana wangu yeyote apitie hilo.

Naiunga mkono kanuni hii kwa sababu inakulazimisha kuwa na ligi. Iceland, nchi yenye watu wasiofika laki nne, ina vilabu vichache tu, lakini vinakutana kila msimu, watoto wanawaona wakubwa wakicheza, na waamuzi wanapata kazi. Timu ya taifa inatoka humo.

Lakini kuna jambo linaloninyima usingizi. Kanuni inasema mashindano ya ndani ya nchi. Uwanja kamili una urefu wa mita 60. Ule wa barafu wa hoteli ya Panari, Nairobi, uliofunguliwa mwaka 2005, ni sehemu tu ya huo, na hauwezi kubeba watano kwa watano. Mchezaji wetu anakuwa mwepesi wa mikono ajabu. Anapiga pasi fupi kwenye msongamano ambao ungemtia kiwewe mtu wa Ulaya. Ila hajawahi kusubiri paki, kile kisahani cha mpira kinachopigwa, ivuke mstari wa buluu unaoanzia eneo la kushambulia ili asiwe ameotea. Hajui kurudi nyuma mbio mita 40 kumfukuza mshambuliaji, wala kubadilishana na mwenzake benchi wakati mchezo unaendelea. Kipa wake hajazoea paki inayotoka mbali. Sasa misimu miwili ya namna hiyo inamwandaa mtu kwa Divisheni ya Nne? Sina hakika. Sijui hata kama ni haki kumwambia kijana aache uwanja kamili wa Kanada kwa siku 480 aje kuteleza humo.

Vipigo vikubwa havinitishi. Mwaka 1987, mjini Perth, Australia iliifunga New Zealand 58-0. Mwaka 2025 New Zealand hiyo hiyo ilikuwa mwenyeji wa kundi la Divisheni ya Pili, mjini Dunedin. Katikati hapo kulikuwa na watoto, viwanja na makocha wa kulipwa na wa kujitolea, miaka nenda rudi.

Kwa hiyo ukitaka kutusaidia ukiwa Kanada, usinitumie jina la binamu yako anayefunga mabao. Nitumie vifaa vya kipa, maana hivyo ndivyo ghali na ndivyo haba. Uje ufundishe uamuzi kwa wiki mbili. Na kama mwanao anahamia Kenya kweli, hakikisha ana kadi ya uhamisho kutoka chama alichotoka, ameandikishwa hapa siku anayoanza kucheza, na nakala ya kila fomu ya mechi inahifadhiwa. Siku 480 huthibitishwa kwa fomu hizo.