Kubatizwa si kupewa jina

Mama mmoja kijana jumuiyani kwetu ameahirisha ubatizo wa bintiye kwa sababu kaambiwa "Subira" si jina la ubatizo. Juma hilohilo nikamsikia mtangazaji redioni akisema mashabiki wamembatiza mchezaji wao jina jipya. Kosa ni lilelile.

Ubatizo ni sakramenti ya maji na Neno: mtu anaondolewa dhambi, anaunganishwa na kifo na ufufuko wa Kristo, anaingia katika Kanisa. Wako wanaobatiza wachanga, wako wanaosubiri mtu aikiri imani mwenyewe. Hakuna anayebatiza jina.

Neno lenyewe ni la Kigiriki, baptizo: kuzamisha, kuchovya. Merikebu ikizama, Wagiriki walitumia neno hilo. Agano la Kale la Kigiriki linalitumia pale Naamani, jemadari mwenye ukoma, alipojichovya mara saba katika mto Yordani. Alitoka mtoni na ngozi laini kama ya mtoto mdogo, na bado akaitwa Naamani. Katika Warumi 6:4, Paulo anasema kwa ubatizo tulizikwa pamoja na Kristo. Kuzikwa! Jambo zito hivyo tumelifanya kuwa shughuli ya kuchagua jina.

Hapo huulizwa: mbona Sauli alibatizwa akawa Paulo? Tusome polepole. Alibatizwa Damasko, Matendo 9:18, na Luka, mwandishi wa kitabu hicho, anaendelea kumwita Sauli mpaka 13:9, yuko Kipro, ndipo anaandika kwamba Sauli ndiye Paulo. Yesu mwenyewe alipewa jina siku ya nane, alipotahiriwa. Yordani alikwenda kubatizwa akiwa na miaka kama 30.

Kweli, sheria ya Kanisa Katoliki ya 1917 ilimtaka paroko ahakikishe mtoto anapewa jina la Kikristo, na wazazi wasipokubali, aongeze mwenyewe jina la mtakatifu. Mazoea hayo bado tunayo. Lakini sheria ya 1983, kanuni 855, inakataza tu jina lisilopatana na moyo wa Kikristo, na sioni subira inagombana wapi na Injili.

Ndugu mtangazaji, mashabiki wamempachika mchezaji jina, inatosha. Nawe mama Subira, mlete mtoto. Padre atakuuliza jina lake mlangoni mwa kanisa, kabla hamjafika kwenye maji. Pale kwenye maji atabatizwa kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu.