Iguana wa bluu wa Grand Cayman: yasemwayo na ukweli wake

"Si kenge tu huyo?" Ndivyo wengi wetu tunavyosema tukionyeshwa picha yake. Hapana. Kenge anakula nyama na mayai. Iguana huyu, mjusi mkubwa wa kisiwa cha Grand Cayman katika Bahari ya Karibi, anaishi hasa kwa majani, maua na matunda.

Dhana inayonikera zaidi ni kwamba ni iguana wa Cuba aliyebadilika rangi. Imetoka kwa wataalamu wenyewe. Mtaalamu wa wanyama watambaao Chapman Grant alipomweleza kisayansi mwaka 1940 alimhesabu kuwa nususpishi, yaani tawi tu la spishi nyingine, na kwa zaidi ya miaka 60 akabaki chini ya kivuli cha jamaa zake wa Cuba. Mwaka 2004 mtafiti Frederick Burton alionyesha kuwa ni spishi kamili, Cyclura lewisi. Msiseme hayo ni majina tu ya vitabuni. Tawi likikauka, watu hujiliwaza kwamba mti upo. Huyu haishi porini kokote duniani ila Grand Cayman, na mwaka 2002 ilikadiriwa kuwa hawafiki 25 msituni.

"Mbona kisiwa kimejaa iguana?" Waliojaa ni wa kijani, wageni walioletwa na watu. Tangu Oktoba 2018 wanawindwa kwa amri ya serikali, na waliouawa wamepita milioni moja. Wa bluu analindwa na sheria.

Wapo pia wanaosema ameshaokoka, kwa kuwa mwaka 2012 Orodha Nyekundu ya IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi linalopima hatari ya viumbe kutoweka, ilimtoa daraja la walio hatarini kabisa kutoweka. Alishushwa ngazi moja tu: bado yumo hatarini. Na ngazi hiyo imepatikana kwa jasho. Watoto wanalelewa vizimbani kama miaka miwili, mpaka wawe wakubwa kiasi cha kutomezwa na nyoka wala kukamatwa kirahisi na paka. Kabla ya kuachiwa, kila mmoja anatungwa shanga za rangi kwenye ngozi ya shingo, juu, pale miiba inapoanzia, ili atambulike kwa mbali. Wa 1,000 aliachiwa mwaka 2018. Mbwa na magari bado vinawaua.

Aliyeanguliwa porini hana shanga. Huyo ndiye ninayetamani kusikia kwamba ameonekana, tena na tena.