Dawa za Shambani Zinavyonata Ardhini Juu ya Maji ya Kisima

Mvua inaponyesha juu ya shamba la mahindi la Masindi lililopuliziwa dawa ya magugu, sehemu ya dawa hushuka pamoja na maji. Chini yake kuna udongo, murramu (udongo mwekundu wenye changarawe) na mwamba uliooza, ambao katika sehemu nyingi za Uganda una unene wa mita kadhaa hadi makumi ya mita kabla ya kufikia maji. Wanaosema kwamba ardhi huchuja kila kitu wanakosea, kwani kila dawa hunata kwa namna yake.

Mboji iliyo katika udongo mweusi wa juu ndiyo hukamata dawa zisizoyeyuka vizuri majini. DDT, dawa ya wadudu, hunata humo kwa nguvu kiasi kwamba hushuka kwa shida. Atrazini, dawa ya magugu inayotumika kwenye mahindi, hunata kidogo tu, na ikishavuka tabaka hilo huingia mahali ambapo mboji imepungua sana na vijidudu vya kuivunja ni vichache, hivyo hudumu huko muda mrefu zaidi. Katika maji ya kunywa, Shirika la Afya Duniani limependekeza kikomo cha mikrogramu 100 za atrazini kwa lita, ilhali Umoja wa Ulaya hauruhusu zaidi ya 0.1 kwa dawa yoyote moja.

Glaifoseti, dawa nyingine ya magugu, ina tabia nyingine kabisa. Hiyo hushikwa na oksidi (misombo ya oksijeni) za chuma na alumini, zile zile zinazoupa udongo wetu wekundu wake kwa upande wa chuma, kwa hiyo hata udongo wa chini usio na mboji unaweza kuizuia. Lakini fosfeti ya mbolea hugombea nafasi hizo hizo na inaweza kuisukuma itoke.

Kunata, hata hivyo, si kuharibika. Maji safi yakipita, sehemu ya dawa huachia na kuendelea kushuka, na penye nyufa, matundu ya mizizi au njia za mchwa maji hukimbia bila kuugusa udongo vya kutosha. Mankozebu, dawa ya ukungu ya nyanya na viazi, huvunjika upesi, lakini hutoa kemikali iitwayo ethilinithiourea, ambayo huyeyuka kwa urahisi na kunata kidogo sana.

Nafasi za kunatia zina ukomo. Dawa isiyochanganywa na maji ikimwagika sehemu moja huzijaza zote, na inayobaki hupita. Kwa hiyo pampu isioshwe wala dawa isichanganywe karibu na kisima au chemchemi.