Mtoto mwenye ugonjwa sugu wa utumbo: tunapimaje tiba?

Mzazi akielezwa kwamba mwanawe ana ugonjwa wa Crohn au kolaitisi ya vidonda, swali linalomtoka mapema ni la madhara ya dawa. Ana haki ya kuliuliza. Tatizo ni kwamba madhara hayo huwekwa kwenye mizani ambayo upande wake wa pili umeachwa mtupu, kana kwamba mtoto asipotibiwa atabaki vilevile alivyo leo. Upande ule nao una uzito, na kwa mtoto anayekua uzito huo huzidi kadiri miezi inavyopita.

Katika magonjwa haya kinga ya mwili huushambulia utumbo, ukavimba na kutoka vidonda. Kolaitisi ya vidonda hukaa kwenye utando wa ndani wa utumbo mpana. Crohn yaweza kutokea popote kuanzia mdomoni hadi njia ya haja kubwa, na hupenya unene wote wa ukuta wa utumbo. Ndiyo maana huacha makovu yanayobana njia, majipu na fistula, yaani vijitundu visivyo vya kawaida vinavyotoboka kutoka utumboni hadi kiungo kingine au kwenye ngozi. Mtoto anaweza kuacha kulalamika maumivu huku uvimbe ukiendelea chini kwa chini. Mara nyingi kinachoufichua ni urefu: wenzake wanarefuka, yeye amesimama palepale, na balehe inachelewa. Mifupa ikishafunga mwishoni mwa balehe, urefu uliopotea haurudi tena. Kwa hiyo kabla ya kujadili dawa yoyote, omba uonyeshwe chati ya ukuaji ya mwanao tangu alipokuwa mdogo. Kwangu mimi hiyo ndiyo karatasi muhimu kuliko zote ndani ya faili lake.

Kwa Crohn, tiba ya kwanza ya kutuliza ugonjwa kwa watoto wengi inaweza kuwa lishe maalumu ya kunywa, yenye virutubisho vyote, bila chakula kingine, kwa wiki 6 hadi 8. Wazazi wengi hudhani ni njia ya kupoteza muda. Sivyo. Hutuliza ugonjwa sawa na steroidi (dawa kali za kushusha uvimbe), huponya utando wa utumbo vizuri zaidi, na mtoto huongezeka uzito badala ya kudumaa. Lakini ni kazi ngumu: mtoto anakaa wiki kadhaa akiwatazama wengine wakila, na asipoweza kunywa kiasi kinachotakiwa huwekewa mpira wa kupitia puani. Familia isiyokuwa tayari kumsaidia ni bora iseme mapema. Kolaitisi ya vidonda haitulizwi kwa njia hii; ikiwa si kali, huanza na mesalazini, dawa ya kupunguza uvimbe kwenye utando wa utumbo.

Steroidi kama prednisoloni hufanya kazi haraka, na wakati mwingine hatuna budi kuzitumia. Zikirudiwa mara kwa mara hudumaza ukuaji, hudhoofisha mifupa, huvimbisha uso na kubadili tabia ya mtoto. Hazifai kuwa dawa ya kudumu. Ukiona mwanao anarudishiwa steroidi tena na tena, uliza mpango mwingine ni upi. Wala usizikatishe ghafla mwenyewe, maana mwili unakuwa umeacha kutengeneza homoni yake ya kutosha, na mtoto anaweza kuzidiwa.

Kati ya dawa za kudumisha utulivu, azathioprini, inayopunguza nguvu ya kinga ya mwili, huchukua takribani wiki 8 hadi 12 kabla ya kuonyesha nguvu yake, na huhitaji vipimo vya damu vya mara kwa mara. Huongeza kidogo uwezekano wa saratani ya limfu. Hatari hiyo ni nadra, lakini mzazi aambiwe. Methotrekseti hutumiwa mara 1 kwa wiki, kamwe si kila siku, na kwa kuwa hudhuru mimba, msichana aliyevunja ungo aelezwe waziwazi.

Dawa za kibayolojia kama infliksimabu na adalimumabu ndizo zinazoogopwa zaidi, pengine kuliko zinavyostahili. Huzuia kemikali mojawapo inayochochea uvimbe. Hatari yake kubwa ni maambukizi, hivyo mtoto hupimwa kwanza kifua kikuu na homa ya ini B, na chanjo zake hukaguliwa, kwani chanjo zenye virusi hai kama ya surua hazitolewi akiwa kwenye dawa hizi. Mwenye fistula kando ya njia ya haja kubwa, au aliyedumaa sana, hafai kusubirishwa hadi dawa nyingine zote zishindwe.

Upasuaji pia ni tiba. Kuondoa utumbo mpana humaliza kolaitisi ya vidonda, ingawa mtoto anaweza kuishi na mfuko wa kinyesi tumboni kwa muda. Katika Crohn, kukata sehemu iliyobanwa humpa nafasi ya kula na kukua, lakini ugonjwa unaweza kurudi.

Njia yoyote mtakayoichagua, mwulize daktari mambo haya: tutajua baada ya wiki ngapi kama inafanya kazi, kwa kipimo gani, na isipofaa tunakwenda wapi? Jibu la “tutaona” halitoshi. Kipimo cha kalprotektini kwenye kinyesi huonyesha uvimbe hata mtoto anapojisikia vizuri. Mtoto mwenyewe naye aulizwe, hasa aliyefika ujana. Asiyeshirikishwa huweza kuficha vidonge chini ya godoro, na sisi tukadhani dawa imeshindwa, tukampandishia nyingine kali zaidi bure.