Mishipa ya ubongo inapojaribiwa kwa pumzi: maswali kutoka Mikindani

Haya ni maswali ya kikao cha afya Mikindani, Mtwara, yalipokutana makundi mawili: wenye presha, na kina mama wa watoto wenye selimundu. Chanzo ni mzee mmoja aliyeambiwa na daktari kwamba kipimo chake cha MRI, mashine inayopiga picha za ndani ya mwili kwa sumaku kali, kitaangalia pia kama mishipa ya ubongo "inaitika".

Mishipa si mabomba ya damu tu? Inaitika vipi?

Mzee wangu, bomba halina uhai. Mishipa midogo ya ubongo ina misuli kwenye kuta zake, inatanuka na kusinyaa. Ubongo ni kama asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, lakini unatumia karibu asilimia 20 ya oksijeni yote, na hauna ghala. Ukikaa kupiga hesabu ya malipo ya korosho kichwani, sehemu inayohesabu huongezewa damu ndani ya sekunde chache. Presha ikishuka, mishipa hutanuka ili damu isipungue. Sasa mshipa unaweza kuonekana mzuri pichani ukiwa umetulia, kumbe umeshatanuka hadi mwisho na hauna pa kuongeza. Hiyo akiba ndiyo inayotafutwa.

Wanaijaribu kwa kitu gani?

Kwa kabonidioksidi, hewa tunayoitoa tukipumua. Ikizidi kwenye damu, mishipa ya ubongo hutanuka. Mzamiaji wa pweza anaijua bila kuitaja jina: akizuia pumzi chini ya maji, hewa hiyo hujikusanya katika damu yake, na ndiyo hasa inayomsukuma kifuani arudi juu. Ndani ya mashine ni hivyohivyo, bila maji. Umelala chali, unaelekezwa: vuta, toa taratibu, sasa zuia. Sekunde 15 hadi 20, unapumua, unarudia tena mara kadhaa. Kwingine huvalishwa barakoa yenye hewa iliyotiwa kabonidioksidi kama asilimia 5. Utahisi kuhema na joto kidogo, na ukirudi kwenye hewa ya kawaida hali hiyo huisha upesi. Ipo pia njia ya sindano ya asetazolamaidi, dawa inayotanua mishipa ya ubongo.

Na sumaku inaionaje damu?

Hapa napapenda. Mwaka 1936 Linus Pauling na Charles Coryell walionyesha kwamba damu iliyobeba oksijeni na ile iliyokwisha kuitua hazina tabia moja mbele ya sumaku. Mwaka 1990 Seiji Ogawa na wenzake wakaonyesha kuwa MRI inaweza kuitumia tofauti hiyo. Mishipa ikitanuka, damu yenye oksijeni hufurika na eneo hilo hung'aa kidogo pichani. Ni asilimia chache tu, ndiyo maana zoezi hurudiwa.

Eneo lenye mishipa iliyochoka halibadiliki. Baya zaidi ni lile ambalo damu inapungua: majirani wametanuka, lenyewe limeshafika mwisho, damu inakimbilia kwa majirani. Kwa mgonjwa ambaye mshipa wake mkubwa wa shingoni umeziba, daktari wa upasuaji anataka kuliona hilo kabla ya kuamua.

Mwanangu ana selimundu. Inamhusu?

Inamhusu, dada yangu. Upungufu wa damu hulazimisha mishipa ya ubongo wake ikae imetanuka muda wote ili oksijeni itoshe, kwa hiyo akiba inabaki ndogo. Lakini kwa mtoto wa miaka 2 hadi 16, kipimo cha kuulizia kwanza si hiki. Ulizia ultrasaundi ya kichwa inayopima kasi ya damu. Haiumi. Kasi ikifika sentimita 200 kwa sekunde, hatari ya kiharusi ni kubwa, na kinga ipo: kuongezewa damu kwa mpango, na dawa ya haidroksiyurea kadiri daktari atakavyoona.

Hiki kipimo cha MRI kina mionzi?

Hakina mionzi ya eksirei. Kina sumaku kali na kelele za kugonga, utapewa vizibo vya masikio. Pini za ushungi, mkufu, hirizi yenye chuma, vyote vinabaki nje. Fundi wa kuchomelea vyuma aseme mapema, maana kachenga kadogo ka chuma kakiwa jichoni kanaweza kusogea na kumjeruhi. Kahawa nayo uiache kama ulivyoelekezwa, kwa kuwa inasinyaza mishipa ileile inayopimwa.

Nina presha. Niende Dar nikapimwe?

Kwa presha peke yake, hapana. Nakusihi usiuze gunia la korosho kwa ajili hiyo. Kipimo hiki bado zaidi ni cha watafiti na hospitali chache kubwa. Presha isiyotibiwa hukakamaza mishipa hii midogo mwaka baada ya mwaka, na mashine ya zahanati yenu inatosha kuifuatilia. Dawa imezwe hata siku kichwa hakiumi.

Mtu mdomo umekwenda upande ghafla, tumtafutie MRI?

Mpelekeni hospitali ya karibu saa hiyohiyo. Mdomo kupinda, mkono kulegea, maneno kutoeleweka: hizo ni dalili za kiharusi, na hata moja inatosha. Msimkande kwanza, wala msimpe chochote mdomoni, anaweza kupaliwa. Mwambieni daktari saa aliyoonekana mzima mara ya mwisho. Kama mmemkuta asubuhi kitandani, ni saa aliyokwenda kulala, si saa mliyomkuta.