Kurejesha si kurejeleza

Juzi nilipita kwenye mkahawa mmoja wa ufuoni hapa Malindi, nikakuta chupa tupu za mvinyo zimefukiwa vichwa chini kuzunguka maua, na kibao kimeandikwa: "Hapa tunarejeleza." Si mara ya kwanza kuliona neno hili likionewa hivyo. Leo sinyamazi.

Kurejeleza ni kukichukua kitu kilichokwisha kazi, kukivunjavunja kirudi kuwa malighafi, kisha kukiunda upya. Basi.

Tatizo limo ndani ya neno lenyewe. Mzizi wake ni rejea, neno tulilolipata kwa Waarabu, yaani kurudi. Ukilinyumbua linazaa watoto wanaofanana kama mapacha. Rejesha ni kukirudisha kitu kwa mwenyewe kikiwa vilevile. Rejelea ni kukirudia, kama unavyorejelea kitabu. Kutoka rejelea ndipo akazaliwa rejeleza: kukifanya kitu kirudie mwanzo wake. Watu husikia mlio wa "reje" wakadhani kila chupa isiyotupwa jaani imerejelezwa. Mwenye duka anapokuuliza "chupa iko wapi?" kabla hajakupa soda, anataka urejeshe. Chupa ileile itaoshwa, itajazwa, itarudi kwenye kreti. Hakuna aliyeiyeyusha.

Mbona nang'ang'ana? Kwa sababu kwenye mvinyo tofauti hii ina uzito, tena wa mizani. Chupa tupu ya mililita 750 huwa na gramu 500 hivi. Zile za kujionyesha hufika 900. Ukihesabu hewa chafu inayotokana na kutengeneza na kusafirisha mvinyo, mara nyingi fungu kubwa ni la chupa, wala si la shamba la mizabibu. Kioo hupikwa kutokana na mchanga kwenye tanuri la nyuzijoto 1,500 hivi, halafu mzigo wote huo hupandishwa meli. Ukirejeleza, vigae vya chupa huyeyuka kwa moto mdogo kuliko mchanga mpya: kila asilimia 10 ya vigae hupunguza nishati kwa asilimia 2 au 3. Ni nafuu, lakini tanuri bado linawaka. Ukirejesha, kinachotakiwa ni maji, sabuni na kreti. Mgema wa mnazi hili halimpi taabu, dumu la jana ndilo la leo.

Shida ni kwamba chupa iliyotoka Italia haina wa kurejeshewa hapa. Ndiyo maana mvinyo wa boksi, ambao wageni wetu huuona wa kimaskini, huchafua kidogo kuliko ule wa chupa nene. Huko ni kupunguza, na hilo ni neno la ukoo mwingine.

Ukitaka kuona kurejeleza kwenyewe, nenda Lamu ukaulizie Flipflopi, jahazi lililozinduliwa mwaka 2018. Plastiki iliokotwa, ikayeyushwa, ikawa mbao, mafundi wakaunda chombo.

Na zile chupa za bustanini? Zimetumika tena, kama chupa za bibi yangu za siki ya mnazi (ingawa ya mvinyo asingeiruhusu jikoni kwake hata ioshwe mara saba). Ni kazi nzuri, na maua yamependeza. Kwa hiyo, kaka wa mkahawa, kibao chako kibadilishe kidogo tu: "Hapa tunatumia tena." Rangi nitanunua mimi.